Salamu Haiuzwi Pamoja na Tikiti

Msimu wa maonyesho ya tamthilia teule ufikapo katika shule zetu za upili, huzuka mzozo mdogo ambao aghalabu hupuuzwa. Onyesho limekwisha, na waigizaji wanakusanya maleba yao ili waiwahi shule ya pili kabla ya alasiri. Nje ya ukumbi, wanafunzi wamejipanga wakitaka kusalimiwa, kushikwa mikono na kutiliwa sahihi vitabuni. Waigizaji wakipita kimya na kuingia garini, hukumu hutolewa papo hapo: wana maringo, wanajiona, wamemsahau anayewalisha. Je, hukumu hiyo ni ya haki? Mwigizaji anadaiwa salamu na mashabiki wake baada ya kazi?

Wanaojibu kwamba anadaiwa hawakosi hoja. Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anajua kwamba fanani hakamiliki bila hadhira. Mtambaji husema "Paukwa!" na asiposikia "Pakawa!" hana budi kunyamaza. Katika taarab, shabiki huinuka kitini akaenda hadi mbele kumtuza mwimbaji, na hakuna amwonaye kuwa mkosefu wa adabu. Tena tunao mfano wa Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, ambapo wanakijiji waliigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanywa hadharani, na waliokuja kutazama waliwasahihisha waliokuwa wakiigiza. Hapakuwa na ukuta kati ya jukwaa na kijiji. Basi, husemwa, huu mlango wa nyuma ambao waigizaji wa leo wanautorokea umetoka wapi?

Hoja hiyo ina uzito, lakini tuichunguze vyema. Katika mifano yote mitatu, maingiliano ya fanani na hadhira yamo ndani ya sanaa yenyewe. "Paukwa" na "Pakawa" husemwa hadithi inapoanza, si wakati mtambaji anapokwenda kulala. Tuzo la taarab hutolewa wimbo ukiendelea. Nao watu wa Kamirithu walisalimiana kwa kuwa walikuwa majirani waliochangia kazi moja, wala si kwa sababu mmoja wao alikuwa amemnunulia mwenzake tikiti. Hakuna mahali hapo ambapo tunaona deni linalobaki baada ya sanaa kukamilika.

Hata jukwaa la kisasa lina salamu yake. Mchezo ukiisha, waigizaji hujipanga mbele ya watazamaji, wakashikana mikono na kuinama. Nao watazamaji huitikia kwa makofi. Tendo hilo ni maagano kamili. Mwigizaji amevua uhusika, ameonyesha uso wake mwenyewe, ameshukuru na ameshukuriwa. Ikiwa kulikuwa na salamu iliyodaiwa, basi imelipwa pale mbele ya mashahidi.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Ningependa wanafunzi wa sarufi waitazame methali hiyo kwa makini. Kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa: mchezaji ndiye apokeaye tuzo. Methali haisemi kwamba akishacheza huzunguka kwa watazamaji mmoja mmoja akiwashukuru kwa kumtazama. Kama lipo deni, wahenga wameliweka upande wa hadhira.

Kisha tuliangalie neno lenyewe. Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alionyesha, katika makala yake ya mwaka 1923, kwamba yapo matumizi ya lugha ambayo lengo lake si kupashana habari bali ni kuunganisha watu. Salamu ni mfano bora. Anayeuliza "Hujambo?" aghalabu hangoji kuelezwa maradhi ya mwenzake; anatambua tu kwamba huyo mwenzake yupo na ni mtu. Ndiyo maana Kiswahili kikakipa kitenzi hiki kauli ya kutendana: watu husalimiana. Salamu ni ya wawili, na thamani yake hutokana na hiari yao. Ukiitoza kama ushuru, umeiua. Isitoshe, lugha yetu ina msemo mwingine wenye mzizi huohuo: kusalimu amri, yaani kushindwa na kujisalimisha. Mwigizaji anayezingirwa na umati mlangoni, akatabasamu kwa kuogopa kuitwa mjeuri, hajasalimu watu. Amesalimu amri.

Lipo pia suala la nani hasa anayesalimiwa. Tunawafundisha wanafunzi wetu kutomchanganya mshairi na nafsineni, lakini katika tamthilia somo hilo tunalisahau upesi. Tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea ilipokuwa ikitahiniwa, kijana aliyeigiza Majoka angeweza kuzomewa kama mtawala dhalimu wa Sagamoyo, na msichana aliyeigiza Tunu akakumbatiwa kama mtetezi wa wanyonge. Ilhali wote wawili ni vijana waliokuja kazini. Anayemvuta Tunu mkono anadhani anamfahamu. Kumbe anayemvuta ni msichana asiyemjua wala asiyemjulia jina. Hapa jambo hili linaacha kuwa mzaha. Mapenzi kwa mhusika hayampi mtu ruhusa ya kuugusa mwili wa mwigizaji, na wanafunzi wa kike na wa kiume wanapaswa kulifahamu hilo wakiwa bado shuleni.

Tuongeze hesabu kidogo. Tuseme ukumbi una wanafunzi 400, na kila mmoja ataka robo ya dakika tu. Hizo ni dakika 100, karibu sawa na onyesho jingine zima, tena lisilolipwa. Sauti nayo ni chombo. Mtu aliyepaza sauti kwa muda mrefu katika ukumbi usio na vipaza sauti amezichosha nyuzi zake za sauti, na dawa yake ya kwanza ni kunyamaza. Yule tunayemwita mwenye maringo huenda anaihifadhi sauti atakayoihitaji alasiri.

Wenzetu wa Broadway, jijini New York, wanaijua sana desturi ya mashabiki kungoja kwenye mlango wa wasanii. Huko, kwa kawaida, mwigizaji hupanda jukwaani mara nane kwa juma. Majumba hayo yalifungwa mnamo Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na yalipofunguliwa tena mwaka 2021, makutano ya mlangoni yaliwekwa kando kwa muda ili kulinda afya. Michezo iliendelea. Haikupungua tendo wala onyesho. Hiyo ni ithibati kwamba salamu ya mlangoni si sehemu ya kile kilichonunuliwa. Ni nyongeza, mithili ya embe ambalo muuzaji hukuongezea juu ya fungu ulilolipia. Akikuongezea, mshukuru. Asipokuongezea, hajakuibia.

Hata hivyo, nisieleweke kwamba ninawapa waigizaji kibali cha kiburi. Waislamu hufundishwa kwamba kuanza salamu ni sunna bali kuijibu ni faradhi, na mpambanuo huo unatufaa sote hapa. Mwigizaji hana wajibu wa kutoka nje kuwatafuta mashabiki, wala wa kupiga picha, kutia sahihi au kuzungumza. Lakini mtoto akisimama mbele yake akamwamkia kwa heshima, basi anadaiwa jibu, si kwa kuwa ni mwigizaji, bali kwa kuwa ni mtu. Neno moja latosha; hata mkono ulioinuliwa na tabasamu vinatosha. Anayepita kana kwamba hajasikia amekosa adabu, kama vile angekosa mwalimu, karani au dereva.

Walimu wenzangu, sehemu kubwa ya mzozo huu imo mikononi mwetu. Tunapoalika kundi la waigizaji, tukubaliane nao mapema, na tulitie katika malipo, kwamba baada ya onyesho watakaa jukwaani robo saa kujibu maswali. Hapo mwanafunzi ataweza kuuliza kwa nini mhusika fulani aliigizwa kwa upole ilhali kitabuni anaonekana mkali, au kwa nini onyesho fulani limefupishwa. Atarudi darasani na maarifa ambayo sahihi kitabuni haiwezi kumpa. Robo saa ikiisha, tuwafungulie wageni njia waende zao salama.

Na wewe mwanafunzi, kama mchezo umekugusa, piga makofi kwa nguvu zako zote wakati waigizaji wanapoinama. Hapo ndipo unaposalimiana nao. Wakitoka nje wakasimama nawe, furahi, maana wamekupa walichokuwa na haki ya kukunyima. Wasiposimama, usiwatukane. Hiari yashinda utumwa.