Sura ya Nne: Theluji Haitaanguka Manga

Kila mwaka Julai inapokaribia, simu yangu hupokea ujumbe uleule. Unadai kwamba kuanzia kesho alfajiri dunia itakuwa mbali mno na jua, kilomita 152,000,000 badala ya 90,000,000 za kawaida, na kwamba tutapata baridi ambayo haijapata kuonekana, hadi Agosti. Mwishoni tunahimizwa kunywa vitamini. Baada ya siku mbili tatu huongezewa kiraka cha nyumbani: safari hii theluji itaanguka Kenya, na itaanzia nyanda za juu, Kisii, Nyamira na Kericho.

Wanaonitumia ujumbe huo si wajinga. Wengi ni vijana wanaopenda hali ya hewa kama wenzao wanavyopenda mpira. Wanapima mvua kwa makopo waliyoyachonga wenyewe, wanafuatilia picha za setilaiti usiku, na wakipanda ukingo wa Manga, hapa kwetu Gusii, nchi ya Kisii na Nyamira, jioni wanaweza kukuonyesha mawingu yakijikusanya upande wa Ziwa Victoria na kukutajia saa yatakapotufikia. Wana macho mazuri. Ila wamekaa wakisubiri kitu ambacho hakiji, huku kile kinachokuja kila msimu wakikiita kwa jina lisilo lake. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nitajibu hapa kwa hatua tatu: kwanza jua, kisha kimo cha nchi, kisha mvua ya mawe.

Tuanze na jua. Hakuna mwaka ambao dunia imekuwa kilomita milioni 90 kutoka kwenye jua. Mwanzoni mwa Januari tuko karibu zaidi, takriban kilomita milioni 147. Mwanzoni mwa Julai tuko mbali zaidi, takriban milioni 152. Ni tofauti ya asilimia tatu na ushei tu, na hutokea kila mwaka bila kukosa, tangu kabla ya Omogusii wa kwanza kufika katika vilima hivi. Nguvu ya mwanga unaotufikia hupungua kwa asilimia saba hivi kati ya Januari na Julai. Kama umbali huo ungekuwa ndio unaoleta baridi, ndugu zetu walioko Muscat wangekuwa wanatetemeka mwezi wa Julai. Waulize. Watakwambia kwamba Julai hawatoki nje mchana kwa sababu ya joto.

Baridi ya Julai ya Nairobi na Limuru inatokana na upepo wa kusini-mashariki unaosukuma hewa baridi na yenye unyevu bara, na hewa hiyo hutandaza wingu zito lililo chini, lisiloruhusu jua kupita mchana kutwa. Huko magharibi kwetu mambo ni mengine. Julai ya Manga mara nyingi huwa na asubuhi yenye jua na alasiri yenye ngurumo, maana ziwa halichukui likizo. Mtu anayebeba kalenda ya baridi ya Limuru na kuitundika Nyamira amekosea kaunti.

Tena usiku wenye baridi kali kuliko yote katika nchi ya majani chai hauji Julai. Huja Januari na Februari, wakati wa kiangazi, mbingu ikiwa safi na hewa ikiwa kavu, kwa sababu usiku usio na mawingu ni kama nyumba isiyo na paa: joto lote la mchana hupanda likapotea. Ndipo umande unapoganda juu ya majani, ule ambao vitabu huuita sakitu, na kufikia saa nne asubuhi majani yamebabuka kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Januari 2012 sakitu iliunguza chai katika maeneo ya Kericho na Nandi, na mashamba yaliyokuwa mabichi Jumamosi yakawa ya kahawia kabla ya wiki kuisha. Hakuna theluji iliyoanguka.

Hatua ya pili ni kimo. Tarehe 10 Julai 2023 theluji ilianguka Johannesburg, na picha zake zilifika Kisii kabla haijayeyuka. Johannesburg iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700. Nilipata jumbe nyingi siku ile: “Mwalimu, kama wao wamepata, sisi je?” Swali ni zuri, na jibu lake limo katika ramani. Johannesburg iko nyuzi 26 kusini mwa ikweta, mahali ambapo hewa kutoka bahari za karibu na ncha ya kusini inaweza kufika ikiwa bado na ubaridi wake. Sisi hatufiki hata nyuzi moja. Hewa ya ncha ya dunia haifiki hapa ikiwa bado ni ya ncha ya dunia, kwa kuwa njiani imepita juu ya maelfu ya kilomita za bahari yenye joto. Kwa hiyo hapa ikweta hatuifuati baridi kwa kusubiri mwezi. Tunaifuata kwa kupanda.

Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Juu ya vichwa vyetu hewa hufikia kiwango cha kuganda kwenye mita 4,800 hivi. Kilimanjaro, mita 5,895, Mlima Kenya, mita 5,199, na Rwenzori, mita 5,109, huvuka mstari huo. Ukingo wa Manga hauukaribii, wala kilima cha Kiabonyoru. Kati ya kilima cha Manga na mstari wa kuganda kuna kama mita 2,800 za hewa yenye joto.

Na hapa lazima nimtendee haki msomaji anayesema kwamba wataalamu pia hukosea. Hukosea kweli. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona Kilimanjaro ikiwa na kilele cheupe, na mwongozaji wake, asiye na neno la kitu kile, akakiita tu baridi. Taarifa ilipofika London, mwanajiografia William Cooley alikana kwa miaka mingi kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Hakuwahi kukanyaga huku. Mwongozaji yule alisema alichokijua: kilicho juu ni baridi. Kosa la Cooley lilikuwa kutazama latitudo na kusahau kimo. Kosa la vijana wangu wa Manga ni kutazama baridi na kusahau vyote viwili.

Sasa mawe.

Karibu kila “theluji” iliyowahi kuonekana Kisii na Nyamira ni mvua ya mawe. Nimeletewa sufuria zilizojaa weupe huo na kuambiwa nitazame. Kwa nini barafu ya namna moja itufikie na ya namna nyingine isitufikie? Fanya hesabu ya kuanguka. Chembe ya theluji ni kama unyoya, hushuka mita moja hivi kwa sekunde. Kuzipita zile mita 2,800 za hewa yenye joto kungeichukua dakika zaidi ya 40, na huyeyuka mapema sana, katika mita mia kadhaa za kwanza, ikawa tone la mvua. Jiwe la sentimita moja hushuka kama mita 14 kwa sekunde. Linatufikia kwa dakika tatu na ushei, likiwa limelowa nje na kuganda ndani. Sehemu kubwa ya mvua yetu ya alasiri ilianza ikiwa barafu huko juu. Theluji huanguka Manga kila wiki ya masika, ila humalizikia juu ya vichwa vyetu ikiwa maji.

Mawe hayo hutengenezwa na ziwa na vilima. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko Ziwa Victoria, na upepo wenye unyevu hutoka ziwani kuelekea nyanda za juu. Ukifika kwenye kingo za Manga na milima ya Kericho hulazimika kupanda, huku ukigongana na upepo wa mashariki. Hewa hupaa kwa kishindo, matone huchukuliwa hadi juu ya mstari wa kuganda, na hapo hubaki yakiwa maji ingawa baridi imepita sifuri. Wengi hawaamini jambo hilo nikiwaambia. Tone dogo la maji safi linaweza kubaki maji hata kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Ili ligande linahitaji kitu cha kushikia, punje fulani ya kuanzia.

Nilikusudia kuipita punje hiyo kwa sentensi moja, lakini siwezi, kwa sababu ndiyo kisa ninachokipenda kuliko vyote katika taaluma hii, na kilitokea kwa majirani zetu.

Kericho inajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Rekodi zinazotajwa ni siku 50 hivi za mawe kwa mwaka kwa wastani, na mwaka mmoja zilifika 132. Miaka ya 1960 mashamba makubwa ya chai yalirusha roketi za baruti kwenye mawingu, kisha zikaja ndege zilizopulizia madini ya fedha, na ubishi kuhusu kama zilisaidia haujaisha hadi leo. Katikati ya juhudi hizo mtafiti Russell Schnell aliuliza swali ambalo mchumaji yeyote wa chai angeweza kuliuliza: mbona mawe yanaipenda chai? Alitazama chini ya vichaka. Majani makavu yanayooza huko yalikuwa na punje zinazogandisha maji kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri, mapema kuliko vumbi la kawaida. Mwaka 1982 alichapisha matokeo hayo pamoja na S. N. Tan-Schnell. Wazo lake ni kwamba wachumaji wanapopita kati ya mistari huchokoa takataka hizo, vumbi lake likapanda na hewa ya alasiri, na wingu likapata punje za kutosha kutengeneza mawe. Katika utafiti wa namna hiyo juu ya majani yanayooza ndipo bakteria aitwaye Pseudomonas syringae alipojulikana kuwa fundi wa kugandisha maji.

Na huyu bakteria, akiwa ameuawa na kukaushwa, ndiye anayechanganywa na maji katika baadhi ya mitambo ya kutengeneza theluji ya bandia kwenye miteremko ya Ulaya na Marekani. Mtu wa Tombe au Kebirigo anayetamani theluji anakanyaga jamaa za fundi wake kila asubuhi akienda kuchuma. Sisemi kwamba chai peke yake ndiyo inayoleta mawe. Bila ziwa na kingo zile, hakuna punje itakayoinua wingu. Nasema tumekaa juu ya jambo la ajabu kuliko lile tunalolisubiri.

Turudi kwenye jina “theluji”, maana jina ndilo linaloharibu. Tarehe 2 Septemba 2008, karibu na Nyahururu, kijiji cha Busara kiliamka midomoni mwa dunia nzima. Mteremko wa kilima ulikuwa mweupe, watu walishika barafu mikononi, na habari ikasambaa kwamba theluji imeanguka Kenya. Idara ya Hali ya Hewa ilieleza kwamba ni mvua ya mawe: chembe ndogo zilizoanguka kwa wingi, zikashikana, zikawa blanketi. Maelezo hayo hayakusafiri mbali kama zile picha, na hadi leo naletewa Nyahururu kama ushahidi. Wanaodanganyika zaidi ni wale waliopata mawe madogo laini, meupe, yanayopondeka kwa vidole. Kata jiwe kubwa katikati kwa kisu na utaona matabaka, moja jeupe, moja angavu, kama kitunguu. Theluji haina matabaka. Ina fuwele za pembe sita, nyepesi kiasi cha kupeperushwa na pumzi.

Kuna wanaolipwa ili “wafunge” mawe yasipige shamba. Kwao sina subira. Mkanda wa mawe unaweza kuwa na upana wa mita mia chache na kudumu dakika kumi. Kwa kawaida kabisa shamba moja litachanwachanwa na la jirani libaki zima. Aliyenusurika anaamini dawa imefanya kazi, aliyepigwa anaambiwa alitoa fedha kidogo, na mlipwaji hashindwi kamwe. Siwachanganyi hawa na ukoo wa Nganyi kule Bunyore, ambao kwa vizazi wametazama maua, ndege na upepo, na ambao wataalamu wa hali ya hewa wamekaa nao kulinganisha utabiri. Wale wanatazama mbingu. Hawa wanatazama mfuko wako.

Halafu kuna mtindo mpya, wa kusema kila kitu ni mabadiliko ya tabianchi, hata theluji itakayokuja Gusii. Mabadiliko hayo ni ya kweli, na ndiyo hasa yanayoifukuza theluji. Hewa ikipata joto, mstari wa kuganda hupanda. Barafu ya Lewis kwenye Mlima Kenya ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Anayetaka kuona theluji ya Afrika Mashariki aende mlimani mapema, asiisubiri uani.

Kwa mkulima, tofauti kati ya theluji na mawe ni chakula. Mama aliyepeleka majani ya chai kituoni Jumatatu, na Jumanne akakuta vichaka vimebaki vijiti, atakaa wiki kadhaa bila cha kupeleka. Akisema theluji ilianguka, atachekwa na habari yake itaishia hapo. Akisema mawe ya ukubwa wa punje ya mahindi yalianguka kuanzia saa kumi na robo hadi saa kumi na nusu, ametoa kipimo ambacho mtu anaweza kukifanyia kazi.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Manga, acha kusubiri Julai. Masika yajayo, wingu likipita na radi zikikoma, toka na rula. Pima jiwe kubwa kuliko yote kabla halijayeyuka, andika saa mvua ya mawe ilipoanza na ilipokoma, taja kijiji na upande mawe yalikotokea, kisha peleka karatasi hiyo kwa ofisi ya hali ya hewa ya kaunti yako. Mkanda wa mawe ni mwembamba kiasi cha kupita kati ya vituo viwili vya kupimia bila kugusa hata kimoja. Usipouandika wewe, hakuna mwingine atakayeuandika.