Kinanda cha Mdomo Kilichojua Siri

Kwenye vibanda umiza vya mtaani kwetu, filamu iliyotafsiriwa ilikuwa na sauti mbili zinazogombea chumba kimoja. Mtafsiri akianza kusema, muziki unashushwa. Akinyamaza kumeza mate, unapanda tena. Utotoni sikuona kasoro yoyote. Mtafsiri ndiye aliyetuambia nani steringi, nani msaliti, na lini tuanze kuogopa. Miaka mingi baadaye, nilipoziona filamu zilezile bila yeye, niligundua kuwa hayo yote muziki ulikuwa ukiyasema tangu mwanzo. Jamaa alimnyang'anya mwenzake kazi.

Ipo filamu moja ambayo ingemtoa jasho: Once Upon a Time in the West, ya Mwitaliano Sergio Leone, iliyotoka mwaka 1968. Muziki ni wa Ennio Morricone, aliyewahi kusoma darasa moja na Leone shule ya msingi huko Roma. Inaanza na majambazi watatu wanaosubiri treni kwenye kituo kilichojitenga nyikani. Dakika kama kumi zinapita, muziki hakuna. Kinu cha upepo kinalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Tone la maji linadondokea kipara cha jambazi mmoja. Badala ya kusogea anavaa kofia, na matone yanaendelea kugonga ukingo wake. Mwingine anasumbuliwa na nzi. Wa tatu anaalisha vidole, kimoja baada ya kingine.

Ukimya huo ni mtego. Sikio lililokaa muda wote huo bila wimbo linapata njaa. Treni inakuja, inaondoka, haonekani aliyeshuka; watatu wanageuka waende zao. Ndipo kinanda cha mdomo kinalia: noti chache, zimepinda, kama mtu anayepumua kwa shida. Wanasimama. Ng'ambo ya reli kuna mtu. Jina lake hatutalijua mpaka filamu inakwisha. Wahusika wengine wataishia kumwita Harmonica, kwa hicho kinanda chake. Hajasema neno, lakini tayari tumeshajua kwamba kuna jambo limemleta, na kwamba ni la zamani.

Kila mhusika mkuu amepewa wimbo wake. Jill, mwanamke anayefika kutoka mjini, ana sauti ya Edda Dell'Orso, inayopanda na kushuka bila kutamka neno lolote. Cheyenne, jambazi mwenye utu, ana wimbo unaotembea kama farasi aliyechoka. Ila Harmonica na muuaji Frank wanagawana wimbo mmoja: kinanda cha mdomo, na gitaa la umeme linalokwaruza. Frank anapotokea mara ya kwanza, nyenze wamenyamaza ghafla, familia imemiminiwa risasi uani kwake, na mtoto wa mwisho anatoka mbio ndani ya nyumba. Hapo gitaa linalipuka. Kamera inamzunguka muuaji taratibu hadi tunauona uso: ni Henry Fonda, ambaye Wamarekani walimzoea akicheza watu waungwana. Macho yanashtushwa na sura hiyo. Masikio yanapokea habari nyingine, kwamba huyu na yule wa kituoni wana deni baina yao, ingawa hakuna aliyelitaja.

Kwa kawaida mtunzi wa muziki huitwa mwishoni. Picha zimeshapigwa, zimekatwa na kuunganishwa, naye anaambiwa: hapa weka majonzi, pale weka hofu. Leone alipindua utaratibu. Nyimbo kuu zilirekodiwa kabla, kisha zikapigwa palepale waigizaji wakiwa kazini. Mtazame Jill kituoni: amesubiri, hakuna aliyekuja kumpokea, anaingia ofisini kuulizia. Kamera inamtazama kupitia dirishani, halafu inaanza kupanda, inapita juu ya paa, na mji mzima unafunguka wakati uleule sauti ya Dell'Orso inapofika kileleni. Ile kamera ilikuwa inacheza ngoma iliyokwisha kupigwa.

Wapenzi wa filamu za Kihindi, ambao hapa kwetu hawahesabiki, wanakijua kinanda cha mdomo kutoka kwingine: Sholay ya Ramesh Sippy, ya mwaka 1975, muziki wa R. D. Burman. Nayo ina familia inayouawa nyumbani, na bembea inayolia upepo ukivuma, mambo yanayomkumbusha mtu Leone waziwazi. Lakini kinanda kimebadilishiwa kazi kabisa. Jai anakipuliza jioni akiwa amekaa nje, huku Radha, mjane kijana, akipita juu barazani kuzima taa moja moja. Mjane haposwi kwa kelele, na hata kumsemesha ni shida. Jai hawezi kuuvuka ule ua. Sauti inauvuka kwa niaba yake. (Amitabh Bachchan na Jaya Bhaduri, waliowaigiza, walikuwa tayari mume na mke nje ya filamu, jambo ambalo hunifanya nitabasamu mahali ambapo pengine ningelia.)

Sasa nilalamike kidogo. Filamu nyingi za Bongo zinamwaga muziki kama mtu anayeficha mchuzi mbovu kwa pilipili. Kinanda kinalia mama akiugua, kinalia akipona, kinalia hata akikaanga vitumbua. Baada ya robo saa sikio linazoea na kuacha kusikiliza, na kifo kinapokuja kweli, mtunzi hana tena cha kukipa.

Leone alikuwa bahili, na ubahili wake unalipa mwishoni. (Asiyeiona bado anisamehe, filamu ina zaidi ya nusu karne.) Frank na Harmonica wanakabiliana, na kumbukumbu iliyokuwa ikitujia kwa ukungu inakaa sawa. Frank kijana anamsogelea mvulana aliyefungwa mikono. Mabegani mwa mvulana amesimama kaka yake, kitanzi shingoni. Frank anakichomeka kinanda kinywani mwa mvulana na kumwambia ampigie kakake muziki. Mvulana anajikaza asianguke, na kila anapohema, kinanda kinalia. Zile noti zilizopinda kumbe hazikuwa wimbo.

Risasi inapigwa, Frank anapiga magoti, bado anauliza huyu ni nani. Harmonica anakivua kinanda shingoni na kumtia kinywani. Frank anahema mara ya mwisho, na kinalia.