Moto ya dekonti inakufa na vumbi

Ndugu bafanyakazi, bengi kati yetu tukipata dekonti finali, tunanunua moto ya kufanya taksi. Mwenzetu mumoja alifanya vile hapa Kamina. Kiisha miezi 8 motere ikakwama. Esanse ilikuwa inatiwa kila siku, lakini mafuta ya motere hakuna mutu aliyeiangalia.

Bana betu banatuonyesha mu telefoni Ducati Panigale V4 ya Italia: silinda 4, cc 1.103, nguvu ya kupita farasi 200. Yetu ya cc 125 iko na silinda moja tu. Lakini mu zote mbili, mafuta ikichafuka ao ikipunguka, chuma kinakula chuma.

Kwetu vumbi na muchanga vinaongeza hatari. Filtri ya hewa ikiziba, motere inakosa pumzi na inakunywa esanse mingi. Ikipasuka, muchanga unaingia mu silinda na kukwangua pistoni.

Basi, kila asubuhi simamisha moto wima, angalia mafuta. Vidanje, fwata kilometa za kitabu cha moto. Juu ya vumbi yetu, usizipitishe hata kidogo. Shene ikilegea sana inaweza kuruka na kufunga gurudumu la nyuma, na pale mutu anakufa.

Ukipatana na mwenye kuendesha, mutoe kwanza feza ya mafuta na filtri, kiisha mugawanye yenye inabakia. Dekonti inakuya mara moja tu.