Shemeji Yuko Uingereza, Viza ya Shule Inaisha

Malori ya Tunduma yanapita mlangoni pake usiku kucha, lakini rafiki yangu wa Mikumi hasikii kitu zaidi ya mlio wa simu. Mumewe yuko Uingereza tangu Septemba 2024, alikokwenda kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Walikubaliana: unasoma, halafu unarudi au unanivuta. Hiyo "unanivuta" ndiyo iliyokuja kuwatoa jasho.

Wengi wetu tulizoea kuona mtu anakwenda shule majuu, mke anafuata. Mambo yamebadilika. Tangu Januari 1, 2024 Uingereza haimruhusu mwanafunzi kuleta mwenza, isipokuwa wale wa uzamivu na wengine wachache. Shemeji hakuwemo. Bibi harusi wa miezi mitano akabaki na kazi yake ya hotelini na kitanda cha tano kwa sita.

Sasa, mpenzi msomaji, tuambiane ukweli. Sisi tuliobaki nyumbani ndio tunaowaponza. Viza ya masomo ya chuo kikuu inaruhusu kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula, sisi huku tunadai bati, ada ya mdogo wetu na mchango wa harusi ya binamu. Shemeji akaanza kuwaza kubeba boksi la pili, usiku, kwa jina la mtu mwingine. Angeshikwa, viza ingefutwa na ombi lolote la kubaki lingekuwa mashakani. Mkewe ndiye aliyemkataza. Nyumba yao ya Kilosa imesimama kwenye lenta hadi leo.

Wenzake wa geto nao walikuwa na ushauri wao: tafuta mzungu, funga ndoa ya karatasi, utaachana naye baadaye. Ushauri huo ni wa zamani kama ule wa kujilipua, na watu bado wanaupokezana kana kwamba ni busara. Ndoa ya namna hiyo ni kosa, na kwa mtu aliyekwisha kuoa Kilosa mbele ya ukoo mzima, kufunga nyingine kule ni jinai. Alimsimulia mkewe huku anacheka. Mkewe hakucheka. Siku tatu simu haikupokelewa.

Njia ya halali ipo, tena haina mambo mengi. Ukimaliza shahada unaweza kuomba viza inayoitwa Graduate ukiwa humo humo nchini, kabla ile ya masomo haijaisha, chuo kikishaitaarifu wizara yao ya mambo ya ndani kwamba umefaulu. Huhitaji kuwa na mwajiri. Unapewa miaka miwili. Wanaoomba kuanzia Januari 1, 2027 watapewa miezi 18, isipokuwa wa uzamivu wanaopata miaka mitatu. Bei ndiyo inayouma. Tozo ya matibabu peke yake ni paundi 1,035 kwa kila mwaka, inalipwa yote mwanzoni, mbali na ada ya viza. Akiba ya shemeji iliishia hapo, pamoja na zamu ya mchezo ya mkewe.

Aliomba Novemba 2025. Desemba baba yake akafariki, Kilosa.

Sheria inasema ukitoka nje ya nchi kabla ombi halijajibiwa, ombi linahesabika umeliondoa. Ndugu walishuka na treni ya umeme kutoka Dar, mvua inanyesha, kila mmoja anauliza mtoto mkubwa yuko wapi. Rafiki yangu alitupa udongo kwa niaba yake, mkono mmoja umeshika simu ili aone. Shangazi mmoja alisema kwa sauti kwamba Ulaya imemla mtoto. Mama mkwe alimnyamazisha, ila maneno yalishatoka.

Majibu yalikuja Januari. Alikubaliwa.

Lakini Graduate haimvuti mke. Mwenza anaingia nayo ikiwa tu alikuwa tayari kwenye viza ya masomo. Wa kumvuta ni mwajiri mwenye kibali cha kudhamini, kwa viza ya Skilled Worker, na kazi iwe ya kiwango cha shahada. Boksi halimo. Tangu Julai 22, 2025 mshahara wa kawaida ni kuanzia paundi 41,700 kwa mwaka, ingawa anayetoka masomoni anaweza kuanzia 33,400, kutegemea kazi yenyewe.

Orodha ya waajiri wenye kibali iko wazi kwenye intaneti, bure, ndefu kama daftari la mahari. Wamegawana kazi. Yeye anatafuta nafasi zilizotangazwa, mkewe akitoka zamu anahakiki kama kampuni imo. Asiyekuwemo haombwi, hata awe na ofisi ya vioo. Jumapili iliyopita walikuwa kwenye herufi D, na rafiki yangu akaniambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu msiba waliongea mpaka chaji ikaisha.