Beringi za Magurudumu: Lipi la Mwenye Gari, Lipi la Fundi

Barabara za Unguja na Pemba hubeba kila siku wanafunzi, wagonjwa, wachuuzi wa samaki na watumishi wa umma. Wote hao huweka roho zao juu ya vyuma wasivyoviona. Miongoni mwa vyuma hivyo ni beringi za magurudumu ya mbele. Zikilika, wenye magari hujiuliza: tuzibadilishe wenyewe uani, au tulipeleke gari gereji? Tumeona swali hili lastahili kujibiwa kwa makini, maana jibu baya gharama yake si fedha tu.

Beringi ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na katikati yake gololi au vigogo vidogo vya chuma vinavyobiringika ndani ya grisi. Adui zake ni mashimo, mchanga na maji ya chumvi. Gari linaloshuka pwani ya Paje au Jambiani kupakia mwani, likaingiza magurudumu majini, huweza kupenyeza chumvi ndani ya sili. Grisi ikishaharibika, chuma husaga chuma.

Dalili ya kwanza ni mvumo unaopanda pamoja na mwendo. Gari likikata kona ya kulia mvumo ukazidi, aghalabu iliyolika ni beringi ya kushoto, kwa kuwa uzito umeegemea huko. Hapo gari liinuliwe kwa jeki, liwekwe juu ya stendi madhubuti, kisha gurudumu lishikwe juu na chini litikiswe. Likicheza, mtu wa pili akanyage breki. Mchezo ukitoweka, yaelekea ni beringi. Ukibaki, boljointi ichunguzwe.

Baada ya hapo, jibu la swali letu linategemea aina ya gari.

Aina ya kwanza ni beringi za vigogo vilivyochongoka upande mmoja, ambazo Henry Timken alipewa hataza yake huko Marekani mwaka 1898. Land Rover za zamani na pikapu nyingi zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma zinazo. Kazi hii mwenye gari mwangalifu aiweza. Kalipa ya breki ifungwe kwa waya, isining'inie kwa mpira wake. Pete ya nje iliyokazwa ndani ya habu itolewe pamoja na vigogo vyake, kwani pete kuukuu na vigogo vipya havipatani. Grisi ishindiliwe kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Nati ikazwe huku gurudumu likizungushwa, ilegezwe, kisha irudishwe kwa kipimo cha kitabu cha gari. Na pini na sili ziwe mpya. Nati ikikazwa kupita kiasi, beringi huungua.

Aina ya pili ndiyo iliyoenea katika magari madogo yatokayo Japani, yale yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Mengi yana beringi moja iliyofungwa kabisa na kushindiliwa kwa nguvu ndani ya chuma kinachobeba gurudumu. Hapa nyundo si chombo cha kazi. Beringi yataka mashine ya presi, na nguvu lazima ipite kwenye pete inayokazwa, isipite kwenye gololi. Ikipita huko, njia ya gololi hupata vishimo visivyoonekana kwa macho, na mvumo hurudi mapema. Gari lenye breki za ABS huenda likawa na beringi yenye upande wa sumaku. Ikigeuzwa, taa ya onyo huwaka.

Asiye na fedha nyingi anayo njia ya kati. Akiwa na spana na ujuzi, akifungue mwenyewe chuma hicho, akipeleke penye presi, kisha akifunge mwenyewe. Akumbuke kukaza nati ya ekseli kwa kipimo kabla gari halijakanyaga chini na uzito wake wote, na kupima upya mwelekeo wa magurudumu iwapo alilegeza bolti za shokomzoba. Yapo pia magari ambayo beringi na habu ni kitu kimoja kinachofungwa kwa bolti. Hayo hayahitaji presi.

Ndugu wasomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Beringi iliyoachwa hupata moto, hulegea, na mwisho gurudumu huweza kung'oka gari likiwa mwendoni. Mwenye daladala anayesema gari limalize wiki kwanza anacheza na amana ya watu.

Kwa viongozi wetu tuna maombi matatu. Ukaguzi wa magari ya abiria usiishie kwenye taa na honi; magurudumu ya mbele yainuliwe na kutikiswa. Karakana za Serikali, Unguja na Pemba, zisikose presi na spana ya kupimia nguvu, na vijana wanaojifunza ufundi wapewe nafasi ya kuvitumia. Na Taasisi ya Viwango Zanzibar iyakazie macho maduka ya vipuri, kwani beringi bandia huja katika boksi zuri, na mnunuzi hana jicho la kuitambua.

Mwenye gari ajue mpaka wa mkono wake, na fundi asiwe na haya ya kusema kwamba hana presi.