Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Miaka Inayofuata ni Sehemu ya Tiba

Katika miaka ya karibuni, Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila imekuwa ikitoa huduma mbili kwa watu wenye unene uliokithiri: kuweka puto katika mfuko wa chakula, na upasuaji wa kuupunguza mfuko huo. Mkazi wa Mwimbi, mkoani Rukwa, akihudumiwa Dar es Salaam hurudi nyumbani baada ya muda mfupi. Tangu hapo, afya yake itategemea sana mwenendo wake mwenyewe na umakini wa zahanati iliyo karibu naye.

Huduma hizo mbili hazifanani. Puto hutolewa baada ya miezi kadhaa, na asiyebadili ulaji wake hunenepa tena. Upasuaji hubadili maumbile ya tumbo. Katika aina moja, sehemu kubwa ya mfuko wa chakula hukatwa na kuondolewa kabisa. Katika nyingine, kifuko kidogo huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, ili chakula kipite njia ya mkato.

Kuhusu matokeo ya muda mrefu, tuna funzo kutoka Uswidi. Utafiti ulioanza mwaka 1987 uliwafuatilia watu wapatao 2,000 waliofanyiwa upasuaji, wakilinganishwa na idadi kama hiyo waliopata matibabu ya kawaida. Waliopasuliwa walipungua zaidi katika mwaka wa kwanza na wa pili, kisha wakarudisha sehemu ya uzito. Hata hivyo, vifo vilikuwa vichache miongoni mwao. Kwa wenye kisukari, ugonjwa ulitulia kwa asilimia 72 baada ya miaka 2, lakini baada ya miaka 15 ni asilimia 30 hivi tu waliobaki katika hali hiyo. Kwa hiyo, mgonjwa aliyeachishwa dawa za kisukari hajaondokana na haja ya kupimwa. Sukari na shinikizo la damu vipimwe maisha yote.

Hatari nyingine huja polepole. Mwili hufyonza kwa shida madini ya chuma na kalsiamu, pamoja na vitamini B12 na D. Kwa kuwa ini huhifadhi akiba ya vitamini B12, upungufu wake unaweza kujitokeza baada ya miaka kadhaa, wakati mgonjwa amekwisha kuacha vidonge kwa kujiona mzima. Ganzi ya miguu inaweza kudhaniwa ni ya kisukari, na uchovu ukadhaniwa ni wa kazi za shamba. Mtoa huduma aulize kila mara: je, umewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo?

Mgonjwa anayetapika mfululizo yumo hatarini kukosa vitamini B1, na ubongo wake unaweza kudhurika. Apewe vitamini hiyo kwa sindano kabla ya dripu ya glukosi, kisha apewe rufaa. Maumivu makali ya tumbo, hata miaka mingi baada ya upasuaji, nayo yahitaji rufaa ya haraka, kwani utumbo unaweza kuwa umejisokota. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe, hasa kwa aliyeunganishwa utumbo, kwa sababu huleta vidonda.

Nawe uliyefanyiwa upasuaji, anza mlo kwa maharage, samaki au mayai, ndipo ule ugali kidogo. Tafuna polepole. Tumia vidonge vya vitamini na madini kila siku, bila kikomo. Jihadhari na pombe, kwani sasa hulewesha upesi zaidi. Mwanamke asubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kubeba mimba, na katika kipindi hicho apate ushauri wa uzazi wa mpango.

Kabla ya kuondoka hospitalini, omba maandishi yanayotaja aina ya upasuaji, tarehe na dawa zako. Yahifadhi pamoja na kadi ya kliniki, na uyaonyeshe popote utakapotibiwa. Mhudumu ambaye hakuwapo siku ya upasuaji atajua kupitia karatasi hiyo namna ya kukuhudumia.