Kuupima Moyo kwa Mwangwi
Mgonjwa afikaye Mwanza kutoka Kamanga, miguu imevimba na pumzi hazimtoshi, huenda ana ugonjwa wa msuli wa moyo. Lakini ni upi? Eksirei huonyesha kivuli tu cha moyo.

Sauti isiyosikika kwa sikio, iliyotumiwa kuchunguza moyo huko Lund, Uswidi, mwaka 1953, hupenya kifuani, hugonga kuta za moyo na kurudi, kama mwangwi kutoka majabali ya Mwanza. Chombo hupima muda wa safari hiyo na kuchora picha.

Moyo uliolegea huonekana umetanuka, ukisukuma chini ya nusu ya damu iliyoujaza. Katika ugonjwa alioueleza J.N.P. Davies, Kampala, mwaka 1948, kovu huziba ncha ya chumba cha moyo. Dalili hufanana, tiba hutofautiana.